Affreux, Umoja na Wingi

Moroni, Jumatatu 14 Machi 1983

Mpwa wangu Rahamatou,

Nimetoka. Juzi Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, msimamizi wa gereza alisimama mlangoni, akasoma jina langu, akalikosea la baba, akasema, "Huyu aende kwao." Sikusomewa hukumu nyingine yoyote tangu waliponichukua tarehe 8 Januari mwaka jana.

Nimetanguliza habari kwa kuwa nakujua, salamu ungeziruka. Sasa zisome. Mimi ni mzima. Nimepungua, jino moja la nyuma limekwenda, macho yanauma juani. Kalathoumi mke wangu hajambo, na ulimi wake pia. Mama yako hali yake? Magoti? Wewe na darasa lako? Nijibu yote, usichague.

Nakuandikia Kiswahili chetu cha Unguja kama zamani. Barua za posta anazifungua Mzungu mmoja wa kambini anayejua Kifaransa, na karani wake anajua Kingazidja. Hiki chetu kinawachosha wote wawili. Hii hata hivyo anakuletea Nadjati, muuza vitambaa, mkononi.

Sijui mliambiwa nini huko, kwa hiyo nakuandikia ilivyokuwa. Kazi yangu unaijua: kusimama kando ya pazia la sinema na kipaza sauti, filamu inasema Kifaransa, mimi nawaambia watu kwa Kingazidja. Ijumaa ile tulikuwa na filamu ya wafu wanaofufuka. Ubao wa nje naandika mimi kwa chaki. Niliandika: LEO, AFFREUX WANATOKA KABURINI. Nilidhani neno hilo ni "vitisho", mazimwi. Kumbe tangu askari wa Kizungu wa kukodiwa watue hapa mwaka 1978, wenyewe kwa wenyewe wanaitana hivyo, affreux, watu wa kutisha. Nusu ya Moroni ilikuwa inajua. Mimi nilikuwa ndani ya sinema.

Luteni wao aliyenihoji amesilimu na amejipa jina la marehemu babu yetu. Akaniuliza, "Sisi tunatoka kaburi gani?" Nikamwambia ni kosa, ni filamu. Akasema, "Muongo." Nilimwambia ni kosa kwa miezi kumi na minne.

Jana ameniita kambini. Ana karatasi iliyokwisha pigwa taipu: "Mimi Ousseni nimekiri kwamba niliandika neno lile kwa kosa, kwa kutojua Kifaransa." Nikitia saini narudishiwa kadi yangu ya utambulisho na kibali cha sinema. Nisipotia, siruhusiwi kutoka kisiwani wala kushika kipaza sauti. Amenipa hadi Jumatatu tarehe 11 Aprili.

Kalathoumi anasema, "Wanaume wengine hufungwa kwa siasa. Wangu amefungwa kwa imla."

Mjomba wako,
Ousseni


Mutsamudu, Jumapili 20 Machi 1983

Mjomba wangu,

Kwezi, na shikamoo juu yake, uzipokee zote mbili. Barua imefika Alhamisi. Nilikuwa darasani, Nadjati akaisukuma kupitia dirishani, nikawapa wanafunzi kazi ya kunakili na nikageukia ubao mpaka macho yakauke. Mama hajambo. Magoti yanamuuma anaposhuka mjini, yanapona akisikia kuna harusi. Darasa lina watoto hamsini na mmoja. Nimekujibu yote.

Sasa langu. Neno ulipewa na mimi.

Unakumbuka uliniandikia Desemba ile, kabla hujakamatwa: "Kutisha, Kifaransa chake ni nini? Jibu upesi." Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nikakujibu mstari mmoja kwa mkono wa abiria wa ndege: "Affreux." Mimi, mwalimu wa Kifaransa! Kwa filamu za namna ile Wafaransa wana neno lingine, na nalifundisha. Nilipopata habari umekamatwa nilielewa siku hiyo hiyo. Miezi kumi na minne nimesubiri waje kwetu Hombo kunigongea. Hawakuja. Maana yake hukunitaja.

Mama anasema utie saini, ule wali wako. Mimi pia nasema utie saini. Karatasi haidanganyi, Mjomba. Ilikuwa kosa. Ukishapata kadi, njoo huku. Chama cha vijana wa Hombo kina ukumbi mdogo. Hakuna mashine ya filamu, lakini nimewaambia wewe huhitaji mashine. Njoo uwasimulie watu filamu kwa mdomo. Tarehe tumeshaiandika, Jumapili 29 Mei baada ya alasiri, kabla Ramadhani haijaingia.

Niambie na jambo moja, maana nimeogopa kuwauliza wengine. Mule ndani ulikuwa unafanya nini siku nzima?

Mpwa wako,
Rahamatou


Moroni, Jumanne 12 Aprili 1983

Mpwa wangu,

Sikutia saini. Jana saa mbili asubuhi nilikwenda, nikarudi saa tatu kasoro robo. Salamu zako zimefika zote mbili. Sisi wazima. Mwambie mama yako wali naupata.

Sikiliza kwanza, halafu ukasirike. Miezi kumi na minne niliwaambia ni kosa, wakasema ni uongo. Sasa nchi za nje kuna watu wanauliza habari za wafungwa, na hawa wa kambini ndio wanaotaka niseme ni kosa. Nilimwambia luteni, "Uliponiuliza nilisema. Maandishi yako yanasema naongopa. Chagua moja, bwana." Akasema, "Wewe unacheza na maisha yako." Nikasema, "Nilikuwa nacheza filamu, ukazima mashine." Karani wake akainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Kuhusu neno: nilijua ni lako. Sikukutaja kwa kuwa hawakuuliza nimelitoa wapi. Wao walidhani mtu yeyote Moroni angelijua. Acha kubeba kilichokwisha bebwa.

Umeuliza tulifanya nini mle ndani. Tulikuwa tunaangalia filamu.

Tulikuwa watu kumi na tisa katika chumba cha sita. Juma la kwanza walijua mimi ni nani, wakaniambia niwasimulie ile iliyonifunga. Nikasimama kando ya ukuta kama kazini. Nikawatoa wafu makaburini, nikapiga kelele zao, nikakatika pumzi. Watu walicheka mpaka askari akagonga. Soidri, fundi cherehani wa Itsandra, akauliza, "Hawa wamezikwa, wakatoka. Sisi hatujafa na hatutoki. Nani wa kutisha hapo?" Mwingine akauliza wafu wanapewa chakula mara ngapi kwa siku. Zimwi likionekana limekwisha, Rahamatou. Nilisimulia nyingine nne za aina hiyo na hakuna aliyeogopa hata moja.

Ndipo nikaishiwa, nikachukua moja ya zile zako. Unakumbuka tulivyogombana ulipokuja likizo ya mwaka 1981, ukaniburuta kwenye ukumbi wa Wafaransa? Tulikuwa watazamaji kumi na mmoja, wanne wamelala. Mwanamke yuko chumbani peke yake, ghorofa ya tatu. Mtu anabisha hodi mara moja. Mwanamke hafungui. Anakaa. Anashona kifungo. Anakula. Anautazama mlango. Saa moja na nusu, kisha taa za ukumbini zikawashwa. Nilikwambia mtengenezaji wake arudishe viingilio vya watu. Wewe ukasema mimi nina masikio tu, sina macho.

Niliwasimulia ile kwa siku tatu. Haraka ya nini? Kila kifungo nilikipa dakika zake. Hakuna aliyecheka. Siku ya pili mtu mzima wa Mbeni alinisihi niruke pale hatua zinaposikika ngazini. Siku ya tatu Soidri akauliza, "Komeo la mlango ule liko upande gani?" Nikamwambia liko ndani, upande wa mwanamke. Soidri akautazama mlango wetu. Kisha akasema, "Basi huyo hajafungwa. Anakataa."

Tulibishana juu ya neno hilo hadi mwezi wa Juni. Kwa hiyo nakuomba radhi kwa ule ukumbi wa Wafaransa. Nilikuwa na masikio tu.

Na sitakuja Mutsamudu tarehe 29, sina kadi. Ahirisha.

Mjomba wako,
Ousseni


Mutsamudu, Ijumaa 22 Aprili 1983

Mjomba,

Kwezi. Sisi wazima, Mama ameapa hasemi nawe mpaka mwakani, kisha akauliza umenenepa kidogo.

Siahirishi. Nitasimulia mimi. Niandikie ile filamu yote, kifungo kwa kifungo.

Mpwa wako mkaidi, ambaye hakuokota ukaidi barabarani,
Rahamatou


Moroni, Jumapili 8 Mei 1983

Mpwa wangu,

Ni wazima humu. Kurasa kumi na nne zimo ndani ya kitambaa cha kijani, kati ya mikunjo. Mwambie Nadjati asikiuze.

Maagizo ya kazi, maana hii ni kazi. Usisimame katikati. Simama pembeni, pazia liwe la watu hata kama pazia halipo. Usieleze maana. Mtu akiuliza nani yuko nyuma ya mlango, mrudishie swali. Nimeandika kwa Kingazidja kama nilivyosimulia, wewe ugeuze Kindzuani cha huko, na vichekesho vyangu vitakufia mdomoni. Usivilazimishe. Tafuta vyenu.

Jambo la mwisho ni amri ya mjomba, si ombi: neno lile usilitaje. Una mshahara wa serikali na mama wa kulisha. Mimi wameshanichukulia walichotaka.

Mjomba wako,
Ousseni


Mutsamudu, Jumanne 31 Mei 1983

Mjomba wangu,

Nimelitaja.

Nakuamkia, nakuomba ukae chini. Mama mzima, alikuwepo, mstari wa kwanza, na mto wa kukalia alioubeba mwenyewe kutoka nyumbani.

Walikuja watu sitini na tatu. Niliwahesabu wakati wanatafuta pa kukaa. Wanawake walikuwa zaidi ya nusu. Nyuma, karibu na mlango, palikuwa na koplo mmoja mwenyeji na Mzungu mmoja wa kambini aliyevaa kiraia, mikono nyuma. Nilisimama pembeni kama ulivyosema.

Vichekesho vyako vilikufa, ni kweli. Lakini nilipofika anaposhona kifungo, Saoudat mkunga akasema kwa sauti, "Uzi mrefu hivyo ni wa mvivu," ukumbi wote ukacheka, na tangu hapo ilikuwa filamu yao. Hodi ilipobishwa, nilibisha juu ya meza. Mara moja. Mjomba, watu sitini na tatu walitazama mlango wa ukumbi. Pale mlangoni alisimama yule Mzungu. Alitabasamu, kisha akaacha kutabasamu, kwa sababu hawakuondoa macho pale.

Nilimaliza, nikauliza, "Afungue au asifungue?" Hapo hapo kelele. Nouriat anayeuza maandazi akasema afungue, huenda ni jirani anaomba chumvi. Saoudat akamwambia, "Jirani hupiga kelele za jina lako, hagongi mara moja na kunyamaza. Anayegonga mara moja anajua uko ndani." Mzee mmoja akasema mwanamke peke yake ghorofani, kosa ni la ndugu zake. Mama akamgeukia: "Ndugu yake kafungwa, mzee. Endelea."

Ndipo Nouriat akaniuliza, hakuwa na nia mbaya, "Kwani mjomba wako alifungwa kwa neno gani?"

Amri yako niliikumbuka. Niliikumbuka vizuri, nikaitazama, nikaiweka kando. Miezi kumi na minne nilikaa na komeo upande wangu na sikuwa nakataa kitu, nilikuwa naogopa tu. Nikachukua chaki. Nikaandika kwenye ubao wa ukumbi: AFFREUX. Nikasema, "Neno hili nilimpa mimi kwa barua, na nilikosea. Kwa filamu Wafaransa husema vingine. Hili ni kivumishi, maana yake ni kutisha kwa ubaya. Sasa tulisome sawasawa, mimi ni mwalimu. Kwa mwanamke linabadilika mwisho. Kwa mwanamume halibadiliki. Mmoja ni affreux. Wakiwa wengi ni affreux vile vile. Huwezi kuwatofautisha kwa maandishi."

Koplo alikohoa kwa nguvu na kutoka nje kukohoa vizuri zaidi. Mzungu alinitaka nirudie. Nilirudia, kwa Kifaransa, polepole kama kwa darasa la tatu. Aliandika. Ukumbi ukarudia nami umoja na wingi, mara mbili, Mama kwa sauti kuliko wote, na hajui Kifaransa hata cha kununulia mkate.

Jana asubuhi mkaguzi wa shule alinipa karatasi. Nimehamishiwa Patsy, huko juu mlimani, kuanzia muhula ujao. Anasema ni mahitaji ya kazi. Nilimuuliza mahitaji ya nani, akatazama saa.

Sina majuto ya kukupa. Ukali wako niandikie wote mara moja, nausubiri.

Mpwa wako,
Rahamatou


Moroni, Alhamisi 30 Juni 1983

Mpwa wangu Rahamatou,

Nilichelewa kukujibu kwa kuwa walinishikilia siku nane, kuanzia tarehe 9. Nimerudi, mzima, na funga inaendelea salama. Kalathoumi anakusalimu, anasema sasa familia yote ni ya imla. Mama yako asijue habari ya siku nane. Najua utamwambia.

Ukali sina. Niliupanga njiani, nikasoma barua yako mara ya pili, sikuona pa kuuweka. Ila nakusahihisha mambo mawili. Uzi mrefu ule niliuweka mimi, kwenye filamu ni mfupi. Na uliandika kwamba ulikuwa unaogopa tu. Mtu anayeogopa tu hasubiri agongewe Hombo miezi kumi na minne. Anahama.

Sasa ilivyokuwa. Luteni alikuwa na karatasi ya Mzungu wa kwenu, ameandika kila ulichosema, hata sarufi. Alinisomea. Aliposoma umoja na wingi karani wake aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Kisha akatoa karatasi mpya, ya pili, kaipiga taipu vizuri kuliko ya kwanza. Hii haisemi kwamba mimi sijui Kifaransa. Inasema neno nililipewa na mwalimu Rahamatou wa Mutsamudu, kwa makusudi, na mimi sikujua maana yake. Saini yangu, kadi yangu, kibali changu, siku hiyo hiyo. Kadi yenyewe aliiweka mezani, niione picha yangu. Nilikuwa na meno yote.

Nilisema sitii saini. Ndizo siku nane.

Siku ya tisa, Ijumaa tarehe 17, akaniita tena. Karatasi ni ile ile. Nikamwambia nipe kalamu. Akafurahi, akanipa yake mwenyewe. Nikafuta jina lako, nikafuta "kwa makusudi", na chini yake nikaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili karani wa luteni, anayekijua, asome bila shida:

"Tulikosea watatu. Mpwa wangu alikosea neno, dakika moja. Mimi nilikosea ubao, siku moja. Nyinyi mlikosea mtu, miezi kumi na minne. Wawili wa kwanza tunatia saini."

Nikatia yangu. Nikaacha mistari miwili, mmoja wako, mmoja wake. Luteni akamwambia karani asome. Karani alisoma yote kwa Kifaransa, hakupunguza kitu, na kwa sauti ambayo sijapata kumsikia nayo. Luteni akauliza, "Mstari huu wa mwisho ni wa nani?" Karani akasema, "Wako, luteni."

Hakunipiga. Aliifungia karatasi kwenye mtoto wa meza, kadi pia. Akasema nirudi baada ya Idi, Jumatatu tarehe 18 Julai, saa mbili asubuhi. Nikamwambia kwamba mpwa wangu pia ana saini ya kutia na kwamba yeye, tofauti na mimi, ana kadi na anaruhusiwa kusafiri.

Shule zitakuwa zimefungwa. Ndege ya kutoka kwenu iko Jumamosi tarehe 16. Uje na kalamu yako.

Mjomba wako,
Ousseni